Kitabu cha Likizo Achague Nani?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za likizo. Wazazi wanauliza watoto wa sekondari wasome nini na watoto wenyewe nao wanauliza hivyohivyo, ila ukizisoma vizuri unaona hawaulizi kitu kimoja, mzazi anataka kitabu kitakachomfaulisha mtoto na mtoto anataka kitabu kitakachomfanya asahau kula. Mimi nimefundisha Kiswahili sekondari miaka mingi na nasema mapema kabisa kwamba kwenye hili niko upande wa mtoto. Nimechagua barua sita.

*Mwalimu habari za kazi. Mwanangu wa kiume kamaliza kidato cha nne Novemba, toka hapo ni simu na kulala, akiamka simu tena, bando likiisha anakuja kuomba hela. Baba yake anataka aende prifom (masomo ya kujiandaa na kidato cha tano), mtoto anasema hajui hata kama atachaguliwa. Nilimnunulia kitabu cha fizikia cha kidato cha tano, kipo juu ya kabati hajakigusa. Nimpe kitabu gani? – Mama wa Morogoro*

Mama wa Morogoro nzuri, pole na hongera kwa kumfikisha mtoto hapo. Tuhesabu kwanza. Mtihani unaisha Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano kinaanza Julai, yaani hapo kuna miezi saba na kitu, mwanafunzi wa Tanzania hapati tena nafasi ndefu namna hiyo akiwa sekondari, na wengi wanaimaliza bila kufungua hata ukurasa mmoja. Halafu ukikaa naye jioni ukamuuliza taratibu bila kumgombeza atakwambia amechoka. Na kweli amechoka, miaka minne kila alichosoma alisoma kwa sababu kitaulizwa, sasa wewe unamletea fizikia nyingine, kwake hiyo ni shule imemfuata mpaka sebuleni.

Kwahiyo fizikia iache hapo kabatini, itakuwa na siku yake. Wewe mchunguze anaangalia nini kwenye hiyo simu. Kama ni movi za majasusi na kufukuzana na magari basi huyo ni msomaji wa Elvis Musiba ila hajajijua, mtafutie Kufa na Kupona cha mwaka 1974, kuna nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa Dar na mpelelezi Willy Gamba anazifuata mpaka Nairobi, na mtoto akimaliza atakuuliza mwenyewe kwani Dar kulikuwa na wapigania uhuru gani, hapo ndio unamwambia kwamba kamati ya ukombozi ya Afrika ilikuwa na makao yake Dar tangu 1963 na watu kutoka Msumbiji, Angola na Afrika Kusini walikuwa wanapita barabara hizihizi anazozijua. Umeona, historia imeingia na hakuna aliyemfundisha. Kama anapenda muziki kuna Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kijitabu chembamba kabisa, mwimbaji wa taarab, mwanamke wa Fumba kule Unguja aliyekuwa anauza vyungu akaja kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, vijana wanaohangaika kutoka kimuziki wangekipenda sana kile.

Lakini usimnunulie wewe. Mpe ile hela ya bando la wiki mbili, aende mwenyewe kwa wauza vitabu vya mitumba au duka la vitabu, ashike, afungue, anuse, arudishe, achague. Usiende naye. Akirudi na kitabu ambacho wewe unakiona cha kijinga usiseme kitu, nakusihi mama yangu usiseme kitu. Hela ikiwa ngumu maktaba ya mkoa ipo hapohapo Morogoro mjini. Na akimaliza usimuulize kinahusu nini na kimekufunza nini, hayo ni maswali ya mtihani, wewe kichukue ukisome na wewe halafu mtabishana wenyewe mkiwa mnachambua mchele.

Na baba yake naye tusimtupe, prifom ya asubuhi haina ubaya. Mchana na usiku viwe vya kijana.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu Tanga. Kwenye fasihi tumepewa madesa yana wahusika, dhamira, fani na maudhui vyote vimeandikwa. Rafiki zangu wanasema ukikariri desa unapata A, kusoma kitabu chote ni kupoteza muda. Je ni kweli? Likizo hii nisome vitabu au nirudie madesa?*

Marahaba mwanangu. Sitakudanganya, wapo waliokariri madesa wakapata A, nimewasahihishia mwenyewe na nawajua. Na nilikuwa nikisoma majibu yao nasikia uchungu, kwa sababu karatasi arobaini zinasema sentensi ileile na koma imekaa palepale, huoni mtoto hata mmoja humo ndani.

Chukua Takadini ya Ben Hanson. Desa litakwambia dhamira ni mila potofu, nafasi ya mwanamke, mapenzi ya mama, basi, unakariri maneno matatu unasonga. Ila kitabuni kuna Sekai, mke aliyekaa miaka na miaka bila mtoto mpaka wake wenzake wakawa wanamsema, halafu anajifungua na mtoto anakuwa sope, yaani albino, na mila ya kijiji inasema mtoto huyo asiishi, basi mama anamfunga mgongoni usiku anaondoka hajui anakwenda wapi. Desa haliwezi kukutembeza huo usiku. Ukishatembea nao wewe mwenyewe, siku ukiulizwa mapenzi ya mama hukumbuki pointi namba mbili, unamkumbuka Sekai, na mkono unaandika wenyewe hata swali likija limegeuzwa. Maana na hilo nalo lipo, swali likigeuzwa kidogo tu mkariri desa anaganda.

Vivyo hivyo Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, cha Zita na Peter waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, sijui mwanafunzi gani atasoma pale asimkumbuke mtu wa darasani kwake.

Sasa likizo fanya hivi. Madesa yafungie begini. Soma kitabu kama vile hakuna mtihani duniani, kalamu usishike, ukichoka lala nacho. Ukimaliza kaa siku mbili tatu ndio ufungue desa, na uwe unabishana nalo, hapa wamesema uongo, huyu mhusika sio mbaya kama walivyoandika, hiki wamekisahau. Kubishana huko ndio uhakiki wenyewe mwanangu, hakuna mwingine.

*Mwalimu, mimi ni mzazi Mbeya. Nimemkuta binti yangu wa miaka 17, yuko likizo ya kidato cha tano, anasoma Rosa Mistika. Nimefungua kurasa kadhaa nimeona mambo ya wanaume na mimba. Nimemnyang'anya. Mke wangu anasema nimekosea. Wewe mwalimu unasemaje, hivi ni vitabu vya kumpa mtoto wa kike?*

Baba wa Mbeya, nimefurahi umeandika badala ya kukichoma maana nawajua waliochoma.

Hofu yako sio ngeni. Kitabu hiki cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1971 kilizua maneno mengi mpaka kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, baadae ndio kikaruhusiwa, na leo ukiwauliza watu wa fasihi wakutajie riwaya za Kiswahili zilizoleta mageuzi watakutajia hiyo mwanzo mwanzo. Kwahiyo ulichokiona wewe waliokutangulia walikiona pia. Shida ni kwamba umefungua katikati. Ungeanza ukurasa wa kwanza ungekutana na Zakaria, mzee wa Ukerewe, mlevi, ana mabinti na anawachunga kwa fimbo, Rosa kaandikiwa barua na mvulana, barua tu, akapigwa na baba yake kipigo kisichosahaulika. Huyo binti anakua hajui mwanaume ni kiumbe gani zaidi ya kitu cha kuogopwa, hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza lolote, halafu anapelekwa shule mbali na macho ya baba. Yanayofuata ndio hayo uliyoyaona kwenye kurasa ulizofungua, na yanaumiza, mwisho wake nisikufiche ni mzito sana, ni kitabu cha msiba.

Mimi nikikisoma, na nimekisoma mara nyingi, sioni kinamfundisha binti uhuni. Naona kinamuonya baba. Ndio maana nakuomba kwa heshima zote ukisome wewe kwanza, sio kurasa kadhaa, chote, ni kama kurasa mia tu na kidogo utakimaliza wikiendi moja. Ukimaliza mrudishie mwanao mkononi, usimwachie juu ya meza kimyakimya, mrudishie na umwambie, mimi baba yako nimekisoma pia. Sijui kama mtaweza kuongea siku hiyohiyo, wengi wetu hatukulelewa hivyo, ila mlango utakuwa umefunguka na atajua kwamba kuna mambo anaweza kukuletea. Kumnyang'anya kumemfundisha kitu kimoja tu, kwamba kitabu kama hicho anatakiwa akisome akiwa amejificha.

Simaanishi kila kitabu apewe kila mtoto. Vipo vinavyouza ngono tu na havina kingine ndani, hivyo na mimi ningevikataa, na Rosa Mistika nisingempa mtoto wa kidato cha kwanza. Miaka 17 na kidato cha tano, apewe. Baada ya hapo kama anapenda hadithi za wasichana wenye misimamo mpe Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin kaozwa na miaka kumi na tano kwa mwanaume mzima anayemzidi umri mbali sana, anaondoka, anakutana na Denge anayepigana na ukoloni wa Waingereza Zanzibar. Ile movi ya Amil Shivji ya 2021 imetokana na hiki. Asome kwanza ndio aangalie.

*Assalaam alaykum. Sisi tunaishi Muscat, kila kiangazi shule zikifungwa tunawaleta watoto Unguja kwa bibi yao. Kiswahili wanaongea vizuri tu lakini hawajui kukisoma, shuleni ni Kiarabu na Kiingereza. Wakubwa wana miaka 14 na 16. Nataka likizo hii wasome kitabu kimoja cha Kiswahili. Kipi? – Mama wa watoto wanne*

Waalaykum salaam dada yangu. Barua yako imenipa raha kwasababu wewe ulichonacho wengi hawana, una bibi.

Watoto wanaoongea lugha bila kuisoma wana shida ya macho tu, masikio yao yanajua kila kitu, na Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa mtoto anayezijua tayari herufi za Kiingereza wiki mbili zinamtosha. Kwahiyo usiwaanzishe na kitabu cha shule ya msingi, kijana wa miaka 16 ukimpa kitabu cha sungura na fisi umemvunjia heshima. Watafutie Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla aliandika hadithi ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 50 na ikachapwa 1960, ni mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum anayeshangaa kila kitu, mtu kakutwa amekufa kwenye mzimu na wengine wanasema ni kazi ya mizimu, Bwana Msa yeye anasema tutizame vizuri. Kiswahili chake ni kilekile cha bibi. Baada ya isha bibi akae barazani, mkubwa asome ukurasa, akikwama bibi amsahihishe, halafu anayefuata apokee. Maneno mengine ya zamani watoto hawatayajua na wewe pia, bibi anayajua, na hapo zitatoka hadithi nyingine ambazo hazimo kitabuni kabisa. Ukiona wamekolea usisubiri kiangazi kijacho, ingieni mjini mkanunue Kisima cha Giningi, hadithi nyingine ya Bwana Msa, muondoke nacho.

Wa miaka 16 akimaliza na akitaka kitu kizito zaidi, Kuli ya Adam Shafi, ni ya makuli wa bandari ya Zanzibar na ule mgomo wa 1948. Amsome Rashidi, mhusika mkuu, halafu mtembeze Malindi ya hapo Unguja mjini aione bandari yenyewe.

*Mwalimu shikamoo, niko kidato cha tano kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), Iringa. Kiingereza kinanitesa. Riwaya za Kiingereza nikifungua ukurasa wa kwanza natafuta maneno kwenye kamusi mpaka nasahau sentensi ilianzaje. Likizo ya Juni nataka nirekebishe, nianzie wapi?*

Marahaba. Kosa sio lako peke yako, umesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili halafu siku moja ukaamka kila somo ni Kiingereza, na kusoma kitabu cha hadithi kwa lugha hiyo ukaambiwa ni kitu utajijua.

Anza na hadithi ambayo tayari unaijua kwa Kiswahili. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, soma sura moja, kesho yake soma sura hiyohiyo kwenye Animal Farm bila kugusa kamusi. Utashangaa, unajua nani anasema nini na kwanini, maneno mapya yanajifungua yenyewe. Hivyohivyo Shujaa Okonkwo na Things Fall Apart, na ukishakomaa kuna Peponi, tafsiri aliyoitoa Ida Hadjivayanis mwaka 2022 ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobel 2021, kijana Yusuf anatolewa kwa tajiri kulipia deni la baba yake, Kiingereza chake sio chepesi ila nchi anayoielezea unaijua.

Na kabla hujaazima kitabu chochote fungua katikati usome ukurasa mmoja, kila neno usilolijua kunja kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha kiache kwa sasa, sio cha likizo hii, utakirudia mwakani. Weep Not, Child ya Ngũgĩ wengi wanaimudu kwenye hicho kipimo, ni fupi na sentensi zake ni fupi.

*Mwalimu, sisi tuko kijijini wilaya ya Kasulu, kidato cha pili na cha tatu. Hapa hakuna maktaba wala duka la vitabu. Tunasoma magazeti yanayofungiwa maandazi. Tufanyeje?*

Wanangu nimeisoma barua yenu mara tatu. Anayesoma karatasi ya maandazi huyo ndio msomaji.

Kwanza shule yenu. Shule nyingi zina vitabu vya hadithi na likizo ikifika vinafungiwa stoo, yaani wakati pekee ambao mwanafunzi ana muda ndio wakati vitabu vimefungwa kufuli. Nilipokuwa nafundisha nilikuta vitabu ofisini bado viko kwenye nailoni zake, vya miaka, nikaomba viazimwe likizo, nikaambiwa vitapotea. Nikaweka sahihi yangu. Vilivyopotea havikufika vitano na viwili vilirudi muhula uliofuata. Basi mwendeeni mwalimu wa Kiswahili wiki mbili kabla shule haijafungwa, sio siku ya mwisho, mwende watatu na daftari mkononi lenye majina, mumwombe aseme na mkuu.

Pili, hesabuni mlionavyo. Mkiwa kumi na kila mmoja akaleta kitabu kimoja, hata cha kaka yake aliyemaliza zamani, hata kilichotoka kwa padri au kwa ustadhi, kila mmoja wenu ana vitabu kumi vya likizo. Chagueni nyumba moja iliyo katikati yenye mtu mzima anayekaa nyumbani, viwekwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko kwa ajili ya panya na mvua. Daftari liandikwe jina la kitabu, nani kachukua, tarehe, na nyuma ya daftari kila aliyemaliza aandike mstari mmoja tu, kitamu au hakinogi, ili anayefuata ajue. Kikichanika kishoneni kwa uzi mgongoni na gamba mligandishe kwa uji mzito wa muhogo, kikauke kivulini siku moja ndio kiazimwe tena. Na mkiandika barua nyingine niambieni mlianza na vitabu vingapi.